Unyusi wa Kushoto

"Khai, nani amekushika uso?"

Khai alikuwa amelala chali kwenye kitanda cha kukunja, sebuleni kwa mama yake pale San Jose, macho yamefunikwa kwa pamba yenye maji. Mvuke wa mashine ulikuwa unampiga usoni taratibu. Akacheka.

"Nani anishike zaidi yako?"

"Nakuuliza mimi."

"Ni jua tu, Diep. Nimeshinda juu ya paa natengeneza viyoyozi vya watu."

Diep akaisogeza taa. Jua analijua. Jua huchoma pua na paji, haliendi kujificha chini ya kidevu. Ngozi ya mchumba wake ilikuwa laini mno, nyekundu kwa mbali, imesuguliwa kwa asidi na mtu mwenye ujuzi. Na nyusi zilikuwa zimechongwa kwa nta.

"Na nyusi je?"

"Kinyozi. Vipi wewe, masomo yamekuchanganya?"

Mtihani wa leseni ya urembo wa ngozi ulikuwa Ijumaa ile. Miaka hiyo ulitakiwa kwenda na mtu wako wa kumfanyia, mtu hai, mtahini amesimama kando anakutazama. Diep alikuwa amechoka kusugua kucha za watu dukani kwa shangazi yake, na leseni ndiyo ingemtoa pale. Mtu wake wa mtihani alikuwa Khai, ambaye wangefunga naye ndoa baada ya Tet, sikukuu yao ya mwaka mpya.

"Ngozi hii nikiibandika nta Ijumaa, itabanduka na nta. Mtahini ataniondoa palepale."

"Basi bandika polepole."

Jikoni, Bi Suong, mama yake Khai, alikuwa anakatakata nanasi la supu ya samaki. "Diep, mwanangu, mwachie kidogo ale!" akaita.

Diep akaendelea kumfuta Khai uso, ila moyo ulikuwa umeshaondoka.

Kesho yake darasani, mwalimu wao Bi Corazon alikuwa anapita kitanda kwa kitanda. Akasimama kwa Trinh. Huyu Trinh ndiye aliyekuwa rafiki wa Diep wa kufa na kuzikana. Walisoma kitabu kimoja, mkate mmoja waligawana.

"Trinh! Tena? Unyusi wa kushoto umeula kwa juu! Huo mkono wako wa kushoto utakufelisha, nimesema mpaka nimechoka."

"Samahani, mwalimu. Huwa napitiliza."

Diep akageuka kutazama. Mwanamke aliyelala kwa Trinh alikuwa na unyusi uliolika karibu na mkia, kama mtu anayeshangaa kwa upande mmoja. Unyusi wa namna ileile alikuwa ameuona jana, juu ya jicho la kushoto la Khai.

Hapana, akajiambia. Vinyozi wabovu wako wengi.

Mchana wakakaa nje kula.

"Mbona kimya, mdogo wangu?" Trinh akamuuliza.

"Nina balaa, dada. Khai ameamka uso umevimba, macho hayafunguki. Sijui kapaka nini."

Ulikuwa uongo mtupu. Diep akamkazia macho mwenzake na kusubiri. Mwanafunzi yeyote wa darasa lile angeuliza: kapaka nini, tangu lini, inamwasha? Trinh hakuuliza kitu. Aliufunga mkate wake kwenye karatasi, polepole, kama mtu anayefunga kitu cha kuvunjika.

"Pole sana," akasema. "Nakuja, naenda msalani mara moja."

Diep hajamaliza hata maji yake, simu ikaita. Khai.

"Diep, wewe mzima kweli? Mbona unatangaza kwamba nimevimba uso?"

"Nani kakwambia?"

Upande wa pili Khai akakohoa.

"Khai. Nani kakwambia?"

"Si... watu tu."

"Nimemwambia mtu mmoja tu. Na huyo mtu yuko msalani sasa hivi."

Akakata. Ikaita tena, akaizima. Trinh aliporudi, amepaka poda upya, Diep alikuwa anakusanya vitu vyake.

"Hata mchumba wangu umemla unyusi, dada?"

Trinh akabaki amesimama. "Diep, nilikuwa nafanya mazoezi tu..."

"Kwa nini hukuniomba mimi?"

Trinh akaanza kulia. "Sikupanga. Naapa ilianza kwa mazoezi kweli."

Diep hakungoja kusikia ilivyoendelea.

Jioni alikwenda kwa kina Khai kuchukua kitanda chake cha kukunja. Bi Suong alimfungulia mlango kwa tabasamu, na tabasamu lile lenyewe likamtia wasiwasi. Mama anakaa humu siku nzima. Mama atakosaje kujua?

"Mama, Trinh huwa anakuja hapa?"

"Anakuja, asubuhi ukiwa dukani. Si wewe unamtuma?"

"Mimi?"

"Anasema Diep kamtuma amwandae Khai kwa mtihani. Nami nampikia, kisha najiendea zangu sokoni, nisiwasumbue na kazi..."

Diep alimchunguza Bi Suong uso, mstari kwa mstari, akitafuta uongo. Aliona damu ikimpanda mama wa watu mpaka masikioni.

Khai akatokea chumbani. "Mama, haya ni mambo ya vijana, usijitie."

"Nyamaza! Ulinifanya nimpakulie yule kwenye bakuli la huyu?"

Khai akamgeukia Diep. "Ijumaa nitakuja. Tufanye mtihani kwanza, mengine tutaongea."

"Kwa ngozi hiyo? Na hata ingekuwa nzima, sikugusi."

Akabeba kitanda chake mwenyewe mpaka kwenye gari.

Ujumbe ulimfuata hadi nyumbani: "Bila mimi utampata wapi mtu? Fikiria leseni yako, Diep."

Hapo Khai alimpata penye kidonda. Wenzake wote dukani walikuwa na leseni, na mwenye leseni haruhusiwi kulala kwenye kitanda cha mtihani. Diep alikuwa ameshaanza kuandika, "Basi njoo", simu ilipoita.

"Ijumaa unanipitia saa ngapi?" Ilikuwa sauti ya Bi Suong.

"Mama?"

"Uso si ninao? Wa kizee, lakini ni uso."

"Mama, nta inauma."

"Nilimzaa Khai. Usinitishe na nta."

Njia nzima ya kwenda Fairfield, mji wa mtihani, Diep aliendesha huku amejikaza. Alijua maneno yanakuja: mwanangu kakosa, msamehe, wanaume ndio walivyo. Kwani mama gani anasafiri hivi bila hoja ya mwanawe? Lakini Bi Suong alimenya machungwa, akamlisha kipande kwa kipande, akalalamikia magari makubwa, basi.

Ukumbini Trinh alikuwa kitanda cha mwisho na binamu yake. Hakuinua macho. Mtahini aliposogea, Diep aliivuta ngozi nyembamba ya mama, akabandika, akang'oa mara moja. Bi Suong alikunja taulo ngumini na hakutoa hata pumzi.

Majibu yalitoka alasiri ileile. Diep alitoka nje ameshika leseni yenye picha yake. Khai alikuwa ameegemea gari lake, maua mkononi.

"Hongera. Diep, nimekosa. Lakini na wewe ulizama kwenye masomo, mimi nikawa sionekani."

"Ulikuwa unaonekana, Khai. Nilikuwa nakushika uso kila jioni."

Akavua hereni za jade, jiwe la kijani, zile Bi Suong alizomvisha siku ya posa mbele ya ndugu wote, akamnyooshea mama.

"Hizi ni zenu, Mama."

"Nilikuvisha mimi, si yeye. Rudisha masikioni."

"Watu watasema bado niko kwenu."

"Waambie umepewa na mteja wako wa kwanza."

Khai akafungua mlango wa gari lake. "Mama, panda twende."

"Nimekuja na Diep," Bi Suong akajibu, akazunguka upande wa pili na kufunga mkanda.

Walipoingia barabara kuu ndipo Diep alipolia. Bi Suong hakumnyamazisha. Alishusha kioo kidogo cha juu, akajitazama nyusi huku na huku.

"Hii kazi inarudiwa baada ya muda gani?"

"Mwezi, Mama."

"Basi mwezi ujao niweke mimi wa kwanza. Na utakula kwangu."