Mia Moja na Arobaini

Kila asubuhi Shamsiya alianza kazi kwa ufagio. Akishafagia, alipanga mabenchi na kuchemsha maji ya chai ya wauguzi. Mama wajawazito waliingia mmoja mmoja na kadi zao za kliniki. Ilikuwa zahanati ndogo, mbele kidogo ya Maramba. Shamsiya alikuwa mwanafunzi wa uuguzi wa mwaka wa pili. Chuo kilimleta hapo kwa mafunzo ya vitendo ya wiki sita. Kwao ni Makorora, mjini Tanga.

Kilichomwingiza kwenye uuguzi ni sauti. Alipokuwa na miaka tisa, mama yake alikuwa na mimba ya mdogo wake, Rahimu. Mkunga alimwita, "Njoo mwanangu, umsikie nduguyo." Akamwekea sikioni fetoskopu, kile kijibomba kifupi cha mbao kinachosimamishwa juu ya tumbo. Shamsiya akasikia moyo wa mtoto ukienda mbio mbio, kama saa iliyofunikwa kwa mto wa kulalia. Miaka kumi na miwili imepita, na bado anaitamani sauti ile. Chuoni walijifunzia kwenye mdoli. Mdoli hana moyo.

Na hapa zahanati, hakuisikia hata mara moja.

Siku ya kwanza alisema kweli. "Sista, sisikii kitu."

Sista Mwamvua ndiye aliyepewa kumsimamia. Siku hiyo alikuwa peke yake na mama arobaini. Akageuka, akasema kwa sauti iliyofika hadi nje, "Lahaula! Chuo gani hicho kinatuletea watu wasio na masikio?"

Benchi zima likacheka. Shamsiya akatamani ardhi ipasuke immeze.

Tangu siku hiyo akawa hodari wa kusikia! Aliinama, akatulia kidogo, kisha akaandika kwenye kadi: 140. Namba nzuri hiyo, haimshtui mtu. Moyo wa mtoto tumboni hupiga kati ya mara mia moja na kumi na mia moja na sitini kwa dakika. Basi mama huyu akaandikiwa mia moja na arobaini, na yule naye vilevile. Jioni alizinakili namba hizo kwenye kitabu chake cha mafunzo, na Sista Mwamvua akakitia saini bila hata kuinua macho.

Wiki ya tatu akarudi mmoja wa mama hao, Azza, mke wa Hashil mwenye shamba la machungwa. Mimba yake ya kwanza iliharibika ikiwa na miezi saba. Hii ya pili sasa ilikuwa na miezi saba. Alijifunika shali mbili, na jua lilikuwa kali.

"Mara ile uliniambia umemsikia," Azza alisema. "Anadundaje, mdogo wangu? Hebu niambie. Wewe una bahati ya kumsikia. Mimi namtamani tu."

Akamshika Shamsiya mkono. Kiganja chake kilikuwa cha moto.

Shamsiya akaweka sikio. Kimya. Akachukua kalamu, akaandika moja, akaandika nne, kisha mkono ukagoma. Akaenda kwa Sista Mwamvua, machozi yakimlengalenga.

"Sista, njoo. Huyu sijamsikia. Sijamsikia hata mmoja tangu nije. Namba zote nimetunga."

Mwamvua alifungua kinywa amgombeze, kisha akaona mama anavyotetemeka. Akachukua fetoskopu, akainama, macho kwenye saa. Moyo wa mtoto ulikuwa unapiga mara mia moja na themanini. Wakampima Azza: homa kali, malaria. Wakaanza dawa hapo hapo, gari likampeleka hospitali kulazwa.

Gari lilipoondoka, Mwamvua alifungua kitabu cha mafunzo. Kurasa zimejaa 140, na chini ya kila ukurasa ni saini yake mwenyewe. Akampigia simu Mwalimu Imakulata wa chuoni. Kesho yake mwalimu akafika.

"Kutunga namba ni kosa kubwa," Imakulata alimwambia Shamsiya. "Ungeweza kumpoteza mtoto. Onyo utaandikiwa." Kisha akamgeukia Mwamvua. "Na wewe, Sista, ulimwona akisikiliza mara ngapi?"

"Sikumwona. Mama arobaini, mwalimu! Na mimi nilifundishwa kwa kugombezwa."

"Ulipenda?"

Mwamvua akatikisa kichwa.

"Basi anza na mama mmoja kwa siku," Imakulata alisema. "Huyo mmoja msikilizeni pamoja. Wewe kwanza, yeye baadaye, kisha afanye peke yake nawe umesimama pale. Akikosea, msahihishe mkiwa wawili, si mbele ya watu. Jioni muulize nini kimemshinda, na akisema 'sijui' mshukuru. Saini yako itie kwa ulichokiona tu."

Wiki nzima Shamsiya aliwapigia simu mama wote aliowatungia namba, akawaomba radhi. Walirudi, Mwamvua akawapima upya. Alhamdulillahi, watoto wote walikuwa wazima.

Wiki mbili baadaye Azza alirudi, homa imekwisha. Mwamvua akafunga mlango, akazima feni.

"Papasa kwanza," alisema taratibu. "Mgongo wa mtoto uko wapi?"

"Huku kushoto, Sista."

"Bomba liweke hapo. Ukishaweka sikio, liachie. Shika mapigo ya mama mkononi, usije ukahesabu ya kwake."

Shamsiya akainama. Kimya. Akasogeza bomba kidogo.

Ikaja. Ile ile ya Rahimu, mbio mbio, chini ya mto. Machozi yakamtoka, lakini hakuacha kuhesabu.

"Umemsikia?" Azza aliuliza. Shamsiya akainua kidole: ngoja. Akamaliza dakika nzima.

"Mia moja arobaini na sita."

Mwamvua akasikiliza naye, akahesabu. "Mia moja arobaini na tano. Andika yako, mwanangu." Kisha akatia saini.

Azza bado alikuwa amelala pale, anawatazama. "Nyote mmemsikia," alisema. "Na mimi je?"

Shamsiya akakichukua kiganja chake. Akaanza kukigonga kwa kidole, mbio mbio, kama alivyosikia.

"Ndivyo anavyodunda?"

"Ndivyo hivi, dada."

Azza akafumba macho. "Usiache kwanza," alisema.