Mgeni wa Awino

Maji ya mtungini yalikuwa mekundu. Roseline alidhani bintiye Terry ametumbukiza mkono mchafu, akayamwaga. Alipoinama kuusugua mtungi ndipo akashtuka. Udongo wa kwao, juu kidogo ya ufuo wa Homa Bay, ni mweusi na unanata. Huu ulikuwa mwekundu, wenye chembe za kumetameta, kama ule uliokuwa ukirudi nyumbani kwenye suruali za mumewe.

Mumewe, Austine, alikuwa mchimba dhahabu huko Masara, upande wa Migori. Mvua kubwa za mwaka wa tisini na saba zilipopiga, shimo liliporomoka naye akiwa ndani. Wenzake walichimba mpaka kingo zikaanza kuwaangukia wao pia, wakaacha. Mwili haukupatikana. Kwa Wajaluo, mtu wa namna hiyo huzikiwa tunda la yago, refu na zito kama mtoto mchanga, ili roho yake ijue imefika nyumbani. Baba mdogo wa Austine, mzee Cephas, alikwisha kulitafuta hilo tunda. Aliyekataa ni Awino, mama mzazi.

"Siziki tunda, Cephas," alisema. "Mwanangu yuko hai."

Watu walisema ni uchungu tu, na Roseline, aliyeishi naye boma moja, alisema vivyo hivyo.

Baada ya yale maji, alianza kumsikia mkwewe akizungumza peke yake nyumbani mwake. Ilikuwa daima mchana, jua likiwa utosini na mbuzi wamelala kivulini. Sauti ya Awino ilikuwa laini, kama ya mtu anayembembeleza mtoto. Mwili wake nao ulikuwa unaisha. Gauni lilimning'inia mabegani.

"Mama, unaongea na nani huko ndani?" Roseline alimuuliza wakichambua mboga.

Awino aliangalia nyuma kwanza. "Na mume wako," alinong'ona. "Anasema kuna giza. Anataka nimshike mkono, basi mimi namshika. Usimwambie Cephas, nyathina, mwanangu. Atamfukuza."

Roseline akautazama mkono wa mama. Kiganja kilikuwa kimekauka na kupasuka kama cha maiti, na chini ya kucha kulikuwa na udongo mwekundu.

Kesho yake mchana alijibanza nje ya ukuta, Terry akicheza miguuni pake. Kwanza ilikuja harufu, ya udongo uliofukuliwa sasa hivi na baruti iliyolowa. Kisha mwanamume akakohoa, na Roseline akakijua kile kikohozi kabla hata sauti haijafuata.

"Mama, kuna giza. Nipe mkono."

Alikuwa Austine. Machozi yalimtoka, na kwa kitambo kidogo alitamani kuingia ndani mbio amwangukie kifuani, lakini sauti ile ikarudia maneno yale yale, kwa kikohozi kile kile, na hapo akamkumbuka Monari, mchimbaji aliyelala kifudifudi ukingoni mwa shimo siku ile akimsikiliza rafiki yake akiita chini ya udongo mpaka akanyamaza, Monari aliyemsimulia yeye peke yake na kumsihi asimwambie mama mtu, kwamba Austine alikohoa, akasema kuna giza, akaomba mkono, na mwisho kabisa akamwita mtoto wake.

"Terry," ilisema sauti ndani ya nyumba. "Njoo kwa baba."

Mtoto aliacha kuchezea majani, akainuka, akaanza kwenda mlangoni akitabasamu. Roseline alimdaka kiunoni na kukimbia naye hadi kwa mzee Cephas bila viatu.

Cephas hakubisha. Alimwita Priscilla, mama wa maombi na dawa za miti aliyekaa ng'ambo ya kilima. Siku iliyofuata, Priscilla alikaa nje na Awino, akamsikiliza mpaka mwisho.

"Je, amewahi kukwambia neno ambalo alikuwa akilisema hapa nyumbani?" akamuuliza. "Hata moja?"

Awino alifikiri sana. "Hapana."

"Basi si yeye, dada yangu. Kuna kitu kilikuwa kule chini kabla ya wachimbaji. Kilimsikiliza akifa, kikachukua alichokisema. Hakina kingine." Akampa mkono kumwinua. "Mwite. Muulize kitu ambacho mwanao tu anakijua. Lakini jibu usilitaje wewe, hata kikilia."

Waliingia wote watatu, Priscilla, Awino na Roseline. Nyumba ilikuwa na chumba cha nyuma kisicho na dirisha, kimezibwa kwa pazia. Nje jua lilikuwa kali, lakini mle ndani mlikuwa na baridi kama pangoni, na pazia lilivutwa na kusukumwa taratibu, kama kifua cha mtu aliyelala.

"Mama, kuna giza. Nipe mkono."

Awino alilikaribia pazia. "Nilikuwa nakuitaje," aliuliza, "ulipokuwa unanyonya?"

Pazia likatulia.

"Mimi na wewe tu, baba yangu. Hata babako hakulijua jina hilo. Nilikuwa nakuitaje?"

Kisha kitu kikaanza kulia kwa sauti ya Austine, kilio cha mtu mzima anayekosa hewa, na midomo ya mama ikafunguka, jina likafika kwenye ulimi, na Roseline akaona chini ya pazia mkono ukijitokeza, umejaa tope, ukipapasa sakafu kuelekea mguu wa Awino, na vidole vyake vyote vitano vilikuwa na urefu mmoja.

Awino naye aliuona. Alifunga mdomo wake kwa viganja viwili, akarudi nyuma hadi nje, na mlango akaufunga mwenyewe. Priscilla alifukiza majani mlangoni na kuomba mpaka sauti ikazama ardhini, ikididimia kidogo kidogo.

Jioni hiyo Awino alilia kwa mara ya kwanza tangu msiba. Walizika yago mbele ya nyumba ya Austine, na mama mwenyewe akamwaga udongo wa kwanza. Baada ya hapo akaanza kula. Maji yakabaki meupe.

Msimu wa kupanda ulipofika, Monari alikuja kutoa pole. Alipewa chai, lakini hakuinywa.

"Shemeji, mimi nimeacha kazi ya Masara," alimwambia Roseline polepole, akiangalia kama Awino yuko mbali. "Watu wote wameacha lile shimo la kando ya lile lililoporomoka. Ukishuka, unasikia mtu anaongea ndani ya mwamba."

"Austine?"

"Hapana. Ni mama mzee. Anauliza kitu kimoja tu, na anauliza kwa upole." Monari alikisogeza kikombe kando. "Anauliza, nilikuwa nakuitaje ulipokuwa unanyonya?"