Friji Iliyopinduliwa

Jumatatu asubuhi, mwaka 1994, chupa sita zilitoweka kwenye friji ya mafuta ya taa ya maabara ndogo mjini Arua. Kufikia saa nne, Severino mlinzi alikuwa rumande, na Sajini Kaltumu kichwa kinamzunguka.

"Daktari, nieleze tena. Polepole."

"Ni vipande vya protini," alisema Daktari Eyotaru, bado amevaa nguo za msiba. "Mdudu wa malale ana kimeng'enya kinachomwamuru azaliane. Vipande vyangu vinakiziba. Kazi ya miaka mitatu!"

"Nani angenunua?"

"Hakuna. Bado tunajaribu kwa panya."

Makubwa! Mwizi gani huyo? Tahiru, muuza dawa wa Koboko, aliwahi kuziulizia, basi Kaltumu akamfuata huko. Tahiru akafungua sanduku: klorokwini tupu.

"Sajini, mimi nauza dawa mutu anajua jina. Hiyo ya daktari nitapeleka wapi?"

Severino naye hakusaidia kitu.

"Jumamosi, maabara ilipofungwa, ulikuwa wapi?"

"Mimi hapana iba, afande."

"Sikukuuliza hilo!"

Kesho yake Severino angepelekwa gereza kuu, na kazi ingempotea. Keria ya baiskeli yake ilinuka mafuta ya taa, na Kaltumu akazidi kuchanganyikiwa.

Akarudi maabara. Juu ya friji akakuta udongo wa sakafuni umegandamana. Akaguna. Nyumba yoyote yenye friji ya aina ile inajua: ikikataa kugandisha, huipindua kichwa chini siku nzima, kisha huisimamisha. Lakini mwizi atengeneze friji ya nini?

Akamwita daktari kituoni, akamleta na Severino.

"Daktari, friji ilizimika kabla ya chupa kupotea, na ufunguo unao wewe tu. Na keria ya Severino inanuka mafuta ya taa. Mafuta ya friji yalikwenda wapi?"

Eyotaru akaanza kulia. "Kijijini Ajia, kwenye matanga ya mama. Wazee waliomba mafuta ya taa zao. Ningewanyimaje? Niliporudi Jumapili, dawa imeharibika. Nikaijaza friji mafuta, ikakataa kugandisha; nikaipindua, haikufaa kitu. Chupa nimezifukia nyuma ya choo. Kwa kosa langu wafadhili wangenifungia kazi; wizi wangeusamehe."

"Na mafuta alipeleka nani?"

Daktari akamtazama Severino. Kaltumu naye akamgeukia kwa hasira. "Wewe! Ungefungwa bure! Mbona hukusema?"

"Afande, yeye iko na kilio. Mutu ya kilio naweza kushitaki?" Akavaa viatu alivyorudishiwa, akampa Eyotaru mkono. "Pole ya mama, daktari. Siku ile sikupata nafasi ya kusema."