Lami ya Garissa

Baridi ya Nanyuki haibishi hodi. Kila alfajiri ilimkuta Farhiya akitawadha kwa maji yaliyomchoma vidole, naye kila alfajiri alinung'unika moyoni kwamba kwao Garissa maji huamka yakiwa na joto. Baada ya swala aliwasha jiko, akapika chai, akavaa sweta juu ya sweta na kushika njia ya shule. Mlima ulikuwa hapo, mweupe kileleni, kabla mawingu hayajaufunika. Wenzake hawakuutazama kwa kuwa walikuwa wameuzoea. Farhiya aliutazama kwa sababu hakuwa na wa kuzungumza naye.

Tangu aletwe kuishi na Eedo Safiyo, dada ya baba yake, hakuwa amepata rafiki hata mmoja. Watoto hawakumchokoza. Walimsalimia, wakaazima kifutio chake, kisha wakarudi kwenye vikundi vyao na lugha yao ya nyumbani ambayo hakuielewa. Wakati wa mapumziko aliketi kwenye ngazi za darasa akila mkate wake polepole, ili uishe kengele ikilia. Mtu hawezi kuonyesha mahali panapouma upweke wa namna hiyo, lakini unauma.

Chini ya kitanda chake kulikuwa na bakuli zito la chuma, lenye kitako cha mviringo, lililojaa lami nyeusi. Lilikuwa la baba yake, Awale, aliyekuwa akitia nakshi pete na vidani katika soko la Garissa hadi alipofariki. Mafundi wenye uwezo hubana kazi yao kwa jiliwa. Awale hakuwa nalo. Aliokota mabaki ya lami kando ya barabara, akayayeyusha, akachanganya na vumbi la matofali na mafuta kidogo. Pambo hubonyezwa juu ya lami hiyo ikiwa na joto, nayo ikipoa hulishika kutoka chini bila kulikwaruza. Bakuli lenyewe huketishwa juu ya kata ya nguo, kama ile ya kubebea mtungi kichwani, ili lizunguke upande wowote mkono unakotaka. Kazi ikitulia, mkono nao hutulia, ndivyo alivyokuwa akimwambia bintiye huku akimpa kalamu yake ya chuma, yenye ncha kali, ajaribu kwenye vipande vya bati.

Siku moja Murugi, msichana wa dawati la mbele, alimkuta ngazini akichora maua kwenye kifuniko cha mkebe wake kwa ncha ya bikari.

"Ati hiyo umechora na mkono?" aliuliza, akaketi. Aliketi hasa, hakusimama kama mpita njia. Wakala mkate pamoja.

Kabla wiki haijaisha, Murugi alimletea kidani bapa cha fedha kilichofungwa kwenye leso. Kilikuwa cha nyanya yake mzaa mama, ambaye kwa desturi ya Wakikuyu ndiye aliyempa jina. Nyanya huyo alitaka kumwachia mjukuu kidani kikiwa na jina lao, na Jumamosi angekuja kutoka Chaka kukiona.

"Jina ni moja, mimi na shosho," Murugi alisema. "Niandikie vizuri. Nimemwambia niko na rafiki fundi."

Neno rafiki lilimlevya Farhiya. Alhamisi, kabla ya shule, aliipasha lami jikoni, akakibonyeza kidani, akaliweka bakuli barazani lipoe. Lami ilipoa ikawa ngumu na yenye kung'aa kuliko alivyoizoea. Alifurahi, akidhani imeshika barabara. Upepo wa mlimani ukivuma, aliandika M, ikatoka safi. Alipokaza mkono aanze U, lami ilipasuka kama glasi. Kidani kiliruka, kalamu ikateleza na kuacha mkwaruzo mrefu kutoka kwenye M hadi ukingoni.

Farhiya hakulia. Alikifunga kidani kwenye leso, akakisukuma chini ya godoro, akaenda shule. Murugi alipouliza kazi imefika wapi, alijibu kwamba hajaanza. Murugi akacheka, akammegea nduma yake. Ijumaa Farhiya alijificha nyuma ya maktaba mapumziko yote. Hapo ndipo alipojua kwamba ule upweke wa mwanzo ulikuwa mchezo. Zamani hakuwa na rafiki. Sasa alikuwa naye, na alikuwa akimkimbia. Akaanza hata kutunga hadithi, kwamba kidani kililetwa kikiwa tayari kimekwaruzwa. Nani angebisha?

Njia ya mwongo ni fupi. Jumamosi asubuhi Eedo Safiyo, ambaye aliuza samli pale nyumbani, alimtuma Farhiya ammiminie mteja. Farhiya aliinamisha debe, akainamisha tena, hakikutoka kitu.

"Huku si Garissa," shangazi yake alimtania. "Huku samli huchotwa kwa kijiko. Baridi huigandisha."

Farhiya alibaki ameshika debe, akiikumbuka lami iliyopasuka. Halafu machozi yaliyokataa kutoka siku ya Alhamisi yakaja yote kwa pamoja. Mteja alipoondoka, alieleza kila kitu. Eedo alitaka kuliona bakuli, akazigusa zile nyufa kwa ukucha. Alisema kwamba kaka yake, hata kule Garissa, msimu wa baridi ulipokaribia aliongeza mafuta ili lami isigande ikapasuka. Farhiya ameileta mlimani bila kuongeza hata tone.

"Sitaki kuongeza," Farhiya alisema. "Hii aliichanganya baba. Nikiigusa haitakuwa yake tena."

Eedo aliketi kando yake. "Aliichanganya kwa jua la kule, mwanangu. Angekuwa hapa, angekuwa ameshaongeza." Kisha sauti yake ikakaza. "Lakini lami ni ya baadaye. Beba vitu vyako, twende kwa kina Murugi."

Walimkuta nyanya ameshafika, akinywa chai, na Murugi yuko kando yake. Maneno aliyoyapanga Farhiya njiani yalimpotea yote. Aliweka leso mezani, akaifungua.

"Ni mimi niliyekiharibu," alisema. "Na juzi nilikuwa nimeshaanza, Murugi. Nilikudanganya."

Murugi aliutazama mkwaruzo. "Si ungeniambia tu," alisema, akatoka nje. Mlango ulibaki wazi, baridi ikaingia, na hakuna aliyeinuka kuufunga. Farhiya alitamani kurudi Garissa saa ile ile, kwa miguu.

Nyanya alikigeuzageuza kidani, kisha akauliza kama kazi inaweza kumalizika. Farhiya alimweleza habari ya lami na mafuta. Nyanya alisema kwamba hata mpunga wa Mwea ukipandwa Chaka utakufa kwa baridi, na halitakuwa kosa la mbegu. Akaagiza jiko lisogezwe.

Farhiya aliivunja lami ya baba yake vipande vipande, akilia kwa sauti wala asione haya. Iliyeyuka. Alitia kijiko cha samli aliyokuja nayo Eedo, akakoroga, akadondosha tone kwenye bati na kulipeleka mlangoni kwenye baridi. Lilipasuka. Akaongeza kijiko kingine. Safari hii tone lilipopoa alilibonyeza kwa ukucha, likabaki na alama lakini halikupasuka. Ndipo alipokilaza kidani juu ya lami, akaiacha ipoe. Alipotafuta kata ya kuketishia bakuli, akakumbuka ameisahau nyumbani.

Mkono ulimwekea mezani leso iliyosokotwa mviringo. Alikuwa Murugi. Alilizungushia bakuli viganja vyake viwili na kulituliza, na Farhiya akaandika hadi herufi ya mwisho. Lami haikutikisika. Mkwaruzo aliusugua kwa mgongo wa kalamu, kisha kwa majivu. Ulififia, ila haukuisha.

Nyanya alipitisha kidole juu ya jina. "Mkwaruzo bado uko," alisema. "Nitauzoea. Mtoto wa kunidanganya singemzoea." Akamvuta Farhiya karibu. "Ulipokuja hapa ulikuwa peke yako juu wewe ni mgeni. Hiyo si makosa yako, ni yetu, tungekuita mapema. Lakini tangu Alhamisi ulikuwa peke yako juu ya uongo. Upweke wa kwanza, watu wanaweza kukutoa. Huu mwingine, ni wewe peke yako unajua penye umejificha, na ni wewe wa kutoka."

Murugi aliwasindikiza hadi barabarani, kidani kikiwa juu ya sweta yake. Farhiya alilipakata bakuli, lingali na joto kidogo. Alijua kwamba jioni angemkumbuka baba yake kama kila jioni, na kwamba ingeuma vilevile.

"Bado nimekasirika," Murugi alisema walipoagana. "Lakini Jumatatu nikikutafuta, usijifiche."

Farhiya alisema hatajificha.