Kilima Hakina Mlango

Kila asubuhi, kijijini Lambwe, Eucabeth alikoroga uji na kumpelekea mkaza mwanawe. Kila jioni aliukuta umeganda, nzi wameelea juu yake.

Mkaza mwana huyo, Caren, alikuwa mjane mwenye mtoto mmoja mdogo. Mwaka huo, 1996, shimo la dhahabu huko Macalder lilimfukia mumewe, Dishon. Mila ilimkataza mjane kuingia boma la mtu mwingine kabla ya kutakaswa. Kwa woga, Caren hakutoka hata mlangoni. Miezi minne alilala sakafuni, amegeukia ukuta.

"Kula, binti wa Kanyamwa," Eucabeth alimsihi, akimwita kwa jina la ukoo wao.

"Mpe mtoto. Mimi nimekwisha, mama."

Siku moja alikuja Phanice, mhudumu wa afya wa kijiji. Aliketi sakafuni kando ya Caren.

"Dada, unafikiria kujiua?"

"Phanice!" Eucabeth alishtuka. "Maneno gani hayo?"

"Kuuliza hakumuui mtu, mama."

Caren alijibu polepole. "Natamani nisiamke."

"Huo ni ugonjwa, na una matibabu. Kesho nitakupeleka kliniki. Leo tutembee. Mwili ukitembea penye miti na hewa safi, usingizi hurudi, na mawazo mazito hupungua."

"Atembee wapi?" Eucabeth alifoka. "Awaletee watu chira, laana ya kuvunja mila?"

"Mila imetaja boma, mama. Imetaja njia? Mto una mlango? Kilima nacho?"

Eucabeth alichukua leso yake.

"Nitatangulia mimi. Wakisema, waniseme mimi."

Siku ya kwanza walifika mtoni tu. Caren alilia njia nzima. Kesho yake, huko kliniki, tabibu alimpa dawa, akamwambia asiache kutembea. Siku ya nne Caren aligoma.

"Inuka, mvivu!" Eucabeth alimvuta mkono. "Magoti yangu mabovu yanakushinda?"

Walitembea kila asubuhi. Mwezi wa pili wa matembezi hayo Caren alianza kulala usingizi. Akaanza kumwogesha mtoto wake mwenyewe. Lakini Dishon hakurudi, na huzuni haikuisha.

Asubuhi moja walifika kileleni, wakihema. Bonde lote lilikuwa chini yao, kijani kibichi. Ghafla Eucabeth alianguka kwa magoti, akalia kwa sauti. Tangu mazishi hakuwa amemlilia mwanawe. Alikuwa na mgonjwa wa kutunza.

Caren aliketi nyasini, akamkumbatia.

"Lia, mama. Nipo. Ukimaliza, tutashuka pamoja."