Sweta Mbele ya Tanuri

Kila mteja wa duka lile la mikate aliwahi kucheka angalau mara moja. Mwokaji alisimama mbele ya tanuri linalowaka, na amevaa sweta. Wala halikuwa sweta jepesi la kujipamba. Lilikuwa zito, la sufu, na limefungwa vifungo mpaka shingoni. Mumewe na binti yao walitiririka jasho, lakini yeye alijisugua mikono na kulalamika kwamba kuna baridi.

Wateja walimwita Mama Tanuri. Mumewe walimwita Bwana Sukari, kwa sababu chai aliyopika ilikuwa tamu mpaka jino bovu linaruka. Walioka na kuuza mikate katika nyumba moja. Chumba cha mbele kilikuwa duka. Chumba cha nyuma kilikuwa na tanuri la gesi, meza ndefu ya kukandia unga na rafu za bati. Mtungi wa gesi ulikaa nje, ndani ya kibanda chenye kufuli. Ufunguo wa kufuli hilo ulining'inia kwenye shingo ya Mama Tanuri, kwa kamba nyeusi. Tangu wafungue duka, hakuna mwingine aliyeuvaa.

Ugonjwa wake haukuwa mgeni. Miaka kadhaa iliyopita, daktari alimwambia kwamba tezi ya shingo yake inafanya kazi kidogo kuliko inavyotakiwa. Alipewa kidonge cha kumeza kila siku. Mwanzoni alipata nafuu. Kisha uchovu ukarudi, na baridi ikarudi nao. Alinenepa ingawa alikula kidogo. Ngozi yake ilikauka, nywele zikakatika, na sauti ikawa nzito kama ya mtu mwenye mafua. Dawa iliongezwa, na bado hakupona.

"Mimi nimezeeka tu," alisema.

"Umezeeka wapi?" Bwana Sukari alimjibu. "Mbona mimi nimekuzidi miaka na bado napendeza?"

Utani huo ulimfanya acheke, siku zile alipokuwa na nguvu za kucheka.

Bwana Sukari alimpenda mkewe, tena waziwazi. Kila asubuhi alimpelekea kikombe kikubwa cha chai ya maziwa, na kipande cha mkate uliotoka motoni. Kisha alinyoosha mkono juu ya tanuri na kushusha chupa ya kioo kutoka rafuni. Humo alikuwa amemimina vidonge vya tezi. Aliviweka pale juu kwa makusudi, mahali ambapo macho ya mkewe hayawezi kuvikosa. Alimpa kidonge cha tezi pamoja na vidonge vya kuongeza damu, vyote kwa mkupuo mmoja.

"Meza vyote, mke wangu, tumalize kazi," alisema. Naye mkewe alimeza vyote kwa chai.

Siku moja asubuhi, Bwana Sukari alikuwa dukani akipanga mikate. Aliishiwa mifuko, akaingia chumba cha nyuma kuchukua mingine. Mlangoni alisimama ghafla. Kulikuwa na harufu ya gesi, tena kali.

Mama Tanuri alikuwa ameketi kwenye kiti, ameegemea ukuta na kufumba macho. Binti yao alisimama mbele ya tanuri. Alikuwa na mafua tangu juzi, pua imeziba, hanusi kitu. Mkono mmoja ulishika kiberiti. Mkono mwingine ulishika njiti.

"Mama amesinzia," binti alisema. "Ngoja nimuwashie."

"Usiwashe!"

Bwana Sukari hakujua kwamba ana sauti kubwa kiasi kile. Binti aliganda. Njiti ilidondoka sakafuni bila kuwaka.

"Tokeni nje wote! Usiguse swichi ya taa! Usiguse kitu!"

Alifunga gesi, akafungua madirisha na mlango wa nyuma. Kisha alimshika mkewe kwapani na kumtoa uani. Mama Tanuri alitazama huku na huku kama mtu aliyeamshwa katika nyumba ya watu.

"Nilifungua gesi," alisema polepole. "Nikaenda kuchukua kiberiti. Halafu... Halafu sijui."

Binti yao alianza kulia. Bwana Sukari aliuona mkono wa mtoto wake na ile njiti, na alijua atauona tena mara nyingi.

"Nipe huo ufunguo," alimwambia mkewe.

"Ufunguo gani?"

"Wa gesi. Nipe."

Mama Tanuri aliushika ule ufunguo shingoni. "Ukinitoa kwenye tanuri, baba, mimi nitabaki nani hapa? Nitakuwa wa kukaa dukani na kuzomewa na wateja kwamba nasinzia?"

"Utabaki hai. Na mtoto huyu atabaki hai."

Mama Tanuri alivua ile kamba nyeusi juu ya kichwa chake mwenyewe, akamwekea mumewe kiganjani. Halafu aliingia ndani na kufunga mlango. Bwana Sukari alibaki na ufunguo ule, na roho ilimuuma sana.

Asubuhi iliyofuata, alibeba chai kama kawaida. Alimkuta mkewe amesimama mbele ya tanuri lililozimwa. Chupa ya dawa ilikuwa wazi. Kiganjani alikuwa na vidonge vitatu.

"Vya nini vyote hivyo?"

"Kimoja hakinisaidii," alijibu. "Basi nitameza vitatu. Nataka kazi yangu."

"Weka chini, mke wangu."

"Wewe umechukua ufunguo. Sasa unataka kunichukulia na dawa?"

Akainua mkono kuelekea mdomoni. Bwana Sukari aliudaka. Chai ilimwagika, kikombe kikavunjika, na vidonge vikatawanyika chini ya meza. Walitazamana wakihema. Walikuwa hawajawahi kushikana mikono kwa nguvu namna ile.

"Twende kliniki," Bwana Sukari alisema. "Leo. Sasa hivi. Nakuomba."

Walikwenda wote wawili, na chupa ya dawa ikiwa ndani ya mkoba. Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, asiye na haraka. Alimpima Mama Tanuri mapigo ya moyo na kumpapasa shingo. Aliagiza achukuliwe damu. Halafu aliweka kalamu mezani.

"Kabla sijaongeza dawa, nataka kuelewa jambo moja," alisema. "Nielezeni asubuhi yenu. Mkiamka mnafanya nini?"

Bwana Sukari alijibu haraka, tena kwa fahari. Alieleza habari ya chai ya maziwa na mkate wa moto. Alieleza vidonge vya kuongeza damu. Alieleza rafu ya juu ya tanuri. "Hajawahi kukosa hata siku moja, daktari. Mimi mwenyewe nampa."

Daktari alimimina vidonge kwenye karatasi. Vilikuwa vimebadilika rangi. Alikibonyeza kimoja kwa kidole, nacho kikasagika.

"Baba," alisema kwa upole, "dawa hii haipendi joto. Iliyokaa juu ya tanuri huharibika na kupoteza nguvu. Vilevile haipendi maziwa wala chai. Haipendi kumezwa na vidonge vya kuongeza damu. Vitu hivyo huizuia isiingie mwilini. Mkeo alimeza dawa kila siku, lakini iliyomfikia ni kidogo."

Bwana Sukari alikitazama kile kidonge kilichosagika.

"Kwa hiyo ni mimi," alisema. "Mimi ndiye niliyemuumiza."

"Aliniletea chai kwa mapenzi," Mama Tanuri aliingilia, na sauti yake nzito ilipanda. "Usimlaumu, daktari."

"Simlaumu. Hakuna aliyewaeleza, na sisi hatukuwauliza. Hilo ni kosa letu."

Mama Tanuri alivuta kiti karibu. "Sasa hii tezi ni kitu gani hasa?"

"Iko hapa, mbele ya shingo," daktari alionyesha shingo yake. "Inatengeneza homoni. Homoni hiyo ni kama moto wa tanuri lenu. Ikipungua, mwili wote unapoa. Moyo unapiga polepole, choo kinakuwa kigumu, uso unavimba, na mtu anasahau na kusinzia. Si uvivu, mama. Wala si uzee."

Mama Tanuri aliinamisha kichwa. Machozi yalimtoka bila kelele. Kwa miaka mingi alijiita mvivu kimoyomoyo, na hakuwahi kumwambia mtu.

"Na vile vidonge vitatu?" Bwana Sukari aliuliza.

"Vingekuwa hatari. Dawa ikizidi, moyo unaweza kwenda mbio na kupiga ovyo. Ikizidi kwa muda mrefu, hata mifupa hudhoofika. Usijiongezee, usijipunguzie, usiache hata ukijisikia mzima. Damu ndiyo itakayotuambia kiasi gani kinakufaa."

Kisha aliwaeleza utaratibu. Kidonge kimezwe asubuhi, saa ileile kila siku, tumbo likiwa tupu, kwa maji matupu. Asubiri nusu saa mpaka saa nzima ndipo anywe chai au kula. Vidonge vya kuongeza damu visogezwe mbali, vimezwe angalau saa nne baadaye. Dawa ikae kwenye pakiti yake, mahali pakavu, mbali na joto na jua.

"Majibu ya damu yakitoka, nitawapa vidonge vipya na kiasi kipya," daktari alisema. "Sasa vitaingia mwilini sawasawa, kwa hiyo sitaki kumpa vingi mno. Baada ya wiki sita hadi nane tutapima tena. Lakini moyo ukienda mbio au kifua kikiuma, msingoje. Na akiwa baridi sana, akachanganyikiwa, au akawa mgumu kuamka, mpelekeni hospitali mara moja."

Siku mbili baadaye walichukua majibu. Homoni ilikuwa chini sana. Walipewa dawa mpya, nayo ikapata makao mapya katika kabati la chumbani.

Wiki za kwanza zilikuwa ngumu. Bwana Sukari alipeleka glasi ya maji badala ya kikombe cha chai. Mama Tanuri alimkazia macho.

"Maji matupu! Nimefungwa jela?"

"Subiri. Chai iko njiani."

"Hiyo njia ni ndefu."

Alikaa dukani na sweta lake, shingo tupu. Binti yao ndiye aliyeoka sasa, baba akisimamia gesi. Mkate ulitoka mara mweusi, mara mbichi. Wateja walinung'unika. Wawili au watatu walihama kabisa.

Kilichomtisha Bwana Sukari zaidi ni kwamba hakuona mabadiliko. Kila siku alimtazama mkewe, na kila siku alimwona yuleyule. Je, kama daktari amekosea? Je, kama amechelewa? Usiku aliamka na kumsikiliza anavyopumua. Mara nyingi alishawishika kumpelekea chai mapema, amfurahishe tu. Alijikaza.

Mabadiliko yalipokuja, hayakubisha hodi. Siku moja Mama Tanuri alikumbuka deni la mteja aliyejifanya amesahau. Siku nyingine alisikika akiimba, na sauti haikukwaruza sana. Kisha aliacha kusinzia mchana.

Siku ya kupimwa tena ilifika. Majibu yalipotoka, walikaa mbele ya daktari bega kwa bega. Daktari alisoma karatasi. Bwana Sukari alishikilia ufunguo ndani ya mfuko wake.

"Dawa inafika," daktari alisema, akatabasamu. "Homoni iko vizuri. Endelea hivihivi, mama. Utameza maisha yako yote, na tutakupima mara kwa mara. Lakini utaishi na kufanya kazi yako."

"Kazi yangu ya kuoka?" Mama Tanuri aliuliza.

Daktari alimgeukia Bwana Sukari. Naye aliukaza ule ufunguo mfukoni.

Walirudi nyumbani. Katika chumba cha nyuma, unga uliokandwa ulikuwa umeshaumuka. Bwana Sukari alisimama mbele ya mkewe. Akilini alimwona binti yao tena na ile njiti mkononi. Aliogopa, wala hakujificha.

"Naogopa, mke wangu," alisema.

"Hata mimi naogopa. Simama hapo uniangalie."

Bwana Sukari akatoa ufunguo na kumvalisha shingoni.

Mama Tanuri alifungua dirisha kwanza. Akanusa hewa. Akainama na kukagua swichi ya gesi, kama imefungwa. Akatoka kufungua kufuli la kibanda na mtungi, akarudi. Akawasha njiti. Ndipo akafungua gesi, kidogo kidogo. Moto wa bluu ulishika safu moja, kisha safu ya pili, ukatulia.

Binti yao alikuja mlangoni kutazama. Mikate iliingia, na chumba kikaanza kupata joto. Mama Tanuri alisimama mbele ya tanuri lake, mikono kiunoni. Ghafla alishika shingo ya sweta na kulivuta. Akafungua kifungo cha kwanza. Akafungua cha pili, na cha tatu, akalivua.

"Jamani!" alisema, akijipepea kwa kiganja. "Humu ndani mnakaaje? Joto lote hili, hakuna hata mmoja wenu aliyeniambia?"

Bwana Sukari alinyoosha mikono. Alilipokea lile sweta, akalikunja, na kulikumbatia kifuani huku akilia mbele ya mtoto wake.