Nyumba Isiyotazama Nje

Siku ile Ndinda aliamka salama, akafua nguo za mtoto na kuzianika uani, katikati ya nyumba, mahali pekee jua lilipoingia.

Nyumba ya namna hiyo aliitaka mumewe, Muthama. Mimba mbili zilikuwa zimetoka, naye akashikilia kwamba ni macho mabaya ya Phelister, mjane wa nyumba ya pili, ambaye dirisha lake la jikoni lilitazamana na lao. Akabomoa nyumba aliyoachiwa na babake hapo Buruburu, akamwambia mchoraji ramani hataki hata dirisha moja la kutazama nje. Vyumba vyote vikageukia uani. Kuta zikawa nene, geti likawa la umeme.

Phelister alimsihi Ndinda waache japo kidirisha cha jikoni, ili Ndinda akiita amsikie. Phelister ndiye aliyemuuguza mimba zilipotoka. Ndinda alinyamaza, ukuta ukapanda.

Kisha Kyalo akazaliwa, na Muthama akajiona amesema kweli.

Adhuhuri ya siku ile ya kufua, stima zikapotea, geti likakwama. Kyalo, aliyeamka na homa kidogo, akaanza kutetemeka, macho yakageuka, meno yakaumana. Simu ya Ndinda ilikuwa imeisha chaji. Ufunguo wa kufungulia geti kwa mkono Muthama alikuwa nao kazini. Ndinda akapiga mayowe hadi sauti ikakauka. Hakuna aliyekuja.

Akaingia jikoni kuchota maji ya kumpoza mtoto. Hapo akasikia mnong'ono. Ulitoka ukutani.

"Ndinda. Nipe mtoto."

Sauti ya Phelister. Karibu sana.

Ndinda akamkumbatia Kyalo. Akarudi nyuma.

"Nipe, mama. Bado anapumua."

Akakimbia. Akajifungia chumbani. Sauti haikumfuata. Kyalo akatulia mikononi mwake. Kisha akawa baridi.

Jioni, Muthama aliposikia hayo, alishika rungu akaenda kwa jirani. Mlango ulifunguliwa na Sylvance, mwanawe Phelister.

"Mama tulimzika Siaya Jumamosi iliyopita," Sylvance alisema polepole. "Matanga yalikuwa hapa, watu wakiimba usiku kucha. Tuliwagongea geti. Tukadhani mmekataa kuja."

Ndinda alirudi kwao Machakos baada ya mazishi ya Kyalo, na hajamsemesha mumewe tangu hapo. Muthama amebaki humo peke yake. Kwenye ukuta wa jikoni, ambao ameupaka rangi tena na tena, kuna viganja viwili vya unyevu, vimefunguka kama vya mtu anayepokea kitu.

Ukuta wote ni baridi. Pale kwenye viganja pana joto.